Viluwiluwi wa Silanga la Bare

Katika ukoo wa kina Keynan, boma haling'oki mpaka mtu mmoja atangulie kutazama malisho na maji. Mtu huyo wanamwita sahan, na neno lake halijadiliwi. Akisema twendeni, ngamia wanapakiwa mizigo; akisema kaeni, watu wanakaa na kiu yao. Marehemu baba yake Keynan alikuwa sahan wa fimbo na ndara. Keynan ni sahan wa pikipiki, na yeyote aliyemjua alilijua hilo kabla hajamaliza kumsalimia, maana hakuacha kulitaja. Kazi ambayo mzee aliihangaikia kutwa nzima, yeye aliimaliza kabla watu hawajanywa chai ya pili.

Asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya kwenda kasi. Mvua mwaka huo ilinyesha kwa upendeleo: hapa ikamwaga, pale ikapita kama haikuona watu. Kaka yake mkubwa, Abdiwali, alikuwa nyuma na boma zima, kina mama na watoto, ngamia, na mbuzi waliokonda mpaka mbavu zilionekana kwa mbali. Walikuwa wamesimama njiapanda wakisubiri neno. Upande mmoja kulikuwa na silanga la Bare, karibu tu, lililojaa mvua ya juzi. Upande wa pili kulikuwa na visima vya mpakani, mbali, na hakuna aliyedanganyika kwamba mbuzi dhaifu wangefika huko wote. Kazi ya Keynan ilikuwa kulitazama silanga na kusema ndiyo au hapana.

Wala hakuwa anakwenda kwa mgeni. Bare ni shemeji yake, mume wa dada yake Weris, mtu mpole asiyeinua sauti hata kwa punda. Silanga lenyewe ni bwawa dogo kando ya laga, ule mkondo wa mchanga ambao huona maji siku za mvua tu. Bare alilichimba kwa mikono yake, akazuia maji kwa tuta la udongo analolitengeneza upya kila msimu. Nyumba yake iko ng'ambo ya kilima, na wote wapitao huko na mifugo yao hunywesha bila kuulizwa kitu.

Pikipiki ilikuwa imekula tope tangu mji wa Banissa na mnyororo ulikuwa unalia. Basi Keynan hakusimama juu ya tuta. Aliiteremsha moja kwa moja majini, pale ukingoni ambapo maji hayafiki magotini, akaizungusha mara mbili tatu ili matairi yajisafishe, akaizima, akashuka, akaisugua kwa kiganja mpaka ikang'aa. Ndipo akakumbuka kilichomleta.

Baba yake alimfundisha jambo moja kuhusu maji ya mvua: tazama viluwiluwi. Wakicheza, nywesha; wakilala, geuka. Mzee alikuwa akisimama mbali na ukingo, anachuchumaa, anaweka fimbo mapajani na kukaa kimya kwa muda mrefu kabla hajasogea hata hatua. Keynan alipokuwa mdogo alidhani mzee anapumzisha magoti. Alipokua mkubwa aliendelea kudhani hivyo hivyo.

Akatembea pembeni kidogo, mahali ambapo tope halikuwa limetibuka, akainama.

Viluwiluwi walikuwepo, wengi ajabu, weusi kama mbegu za papai. Walikuwa wamelala chini kwenye matope. Hakuna mkia uliotikisika. Hakuna aliyepanda juu. Keynan alipiga maji kidogo kwa kidole, na bado hawakusogea. Akaenda mbele, akainama tena, akakuta vilevile. Tangu aanze kazi hii alikuwa hajawahi kuona silanga zima limelala namna ile.

Kisha akaona juu ya maji utando mwembamba wa mafuta, una rangi rangi, unazunguka taratibu. Akainua kichwa kutafuta ulikotoka, na macho yake yakatua kwenye mgunga uliokuwa kando ya tuta. Tawini ilikuwa inaning'inia pampu ya kunyunyizia dawa ya kupe, ile ya kubeba mgongoni, imefunguliwa mfuniko, inakauka juani. Aliitambua. Ilikuwa ya Bare.

"Astaghfirullah," akanong'ona. Alimfikiria Bare, mtu wa kusali, mtu wa kugawa maji bure, akiosha pampu ya sumu kwenye maji ya watu. Kwanza hakuamini, halafu akaamini, na alipoamini hasira ilimpanda hadi masikioni.

Akapanda juu ya tuta, ambako mtandao hushika, akarekodi ujumbe wa sauti.

"Abdiwali, msije. Nasema msije silanga la Bare. Maji yameuawa kwa dawa ya kupe. Viluwiluwi wote wamelala chini, na pampu yake nimeiona kwa macho yangu mawili inaning'inia mtini. Elekeeni visima vya mpakani."

Akautuma. Kilima kilikuwa pale pale, na nyuma yake nyumba ya dada yake, na bila shaka chai jikoni. Hakupita hata kusalimia. Aliwasha pikipiki akaondoka kama mtu aliyetemewa mate.

Alikuwa na wazo moja. Kando ya barabara, kabla hujafika kijiji kinachofuata, kuna shimo ambalo watengeneza barabara walichimba murram, wakaliacha wazi. Mvua ikinyesha hujaa. Halitoshi mifugo ya boma, lakini kina mama wangeweza kujaza mitungi wakiwa njiani kwenda mpakani. Angalau wasiseme sahan wao aliwafukuza kwenye maji bila kuwaonyesha tone.

Kingo za shimo hilo ni mwinuko mkali, pikipiki haiteremki. Keynan aliiacha juu, akashuka kwa miguu akijishikilia kwenye mawe, akafika karibu na maji na kuchuchumaa kwa sababu alikuwa anahema. Hakuwa amekusudia kumuiga baba yake. Ni pumzi tu zilizomwishia.

Humo viluwiluwi walikuwa wanacheza. Walijaa ukingoni, mikia inachapa, wanatafuna ukoga kwenye mawe, wanapanda kumeza hewa na kushuka. Keynan alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Haya ndiyo maji, akajisemea.

Pua ya kobe wa majini ikachomoza kimya kimya karibu na jiwe. Kobe alimnasa kiluwiluwi mmoja, akamtafuna ovyo, vipande vikatoka pembeni mwa mdomo, akazama. Waliokuwa karibu walitawanyika, na hilo halikumshangaza Keynan, maana nani asingekimbia? Kilichofuata ndicho kilichomtoa macho. Waliokuwa mbele kidogo, ambao kobe hakuwagusa, nao wakashuka. Kisha walio mbele yao. Kisha hata wale wa upande wa pili wa shimo, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kula, wakateremka na kulala kwenye matope. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna kiumbe ambaye angeona ng'ambo. Hawakuwa wameona kitu. Kuna habari iliyokuwa inasafiri ndani ya maji yenyewe.

Kabla hajakaa vizuri, shimo zima likawa limelala. Hakuna mkia uliotikisika.

Keynan alipigwa na butwaa. Alikuwa anatazama kitu kile kile alichokitazama asubuhi, na hapa hapakuwa na pampu wala Bare. Akatia kidole akamgusa mmoja. Kiluwiluwi alichomoka kama mshale, akaenda kidogo, akalala tena. Alikuwa mzima. Wote walikuwa wazima. Walikuwa wamejificha kwa kukaa kimya, kama mtu anavyozuia pumzi adui akipita nje ya mlango.

Hakutaka kuamini. Alitawadha kwa maji ya chupa aliyokuwa nayo, akasali adhuhuri pale pale juu ya mawe, na nafsi haikutulia katika rakaa hata moja. Alipotoa salamu akageuka. Mikia ilikuwa imeanza kutikisika, mmoja mmoja, na baadaye wakarudi juu kula ukoga kama hapakutokea neno.

Ndipo akafanya jambo ambalo mtu wa umri wake, mwenye wake na ndevu, hakutegemea kulifanya. Alimkamata kiluwiluwi mmoja, akamwomba Mungu msamaha, akamponda kati ya mawe mawili na kuyasuuza mawe yale ukingoni. Alikaa mbali asiwatie kivuli. Alichongoja hakikuchelewa. Waliokuwa karibu na mawe wakazama, kisha wa mbele yao, kisha shimo zima. Mwili wa mwenzao uliopasuka ulikuwa umetoa kitu ndani ya maji, harufu au ladha, na kila ilipowafikia ilikuwa inawaambia jambo moja: kuna anayewala.

Alisimama taratibu. Alipanda ule mwinuko kwa mikono na magoti, akaenda hadi kwenye pikipiki yake, pikipiki aliyokuwa akijivunia mbele ya kila mtu, akapiga goti kando ya tairi la nyuma.

Katikati ya meno ya tairi kulikuwa na utelezi mweusi uliokauka. Akaukwangua kwa ukucha. Kulikuwa na mikia midogo ndani yake, mingi, imebandikana pamoja na tope. Chini ya injini tone la oili lilikuwa linajikusanya, likadondoka mchangani, na lingine likaanza kujikusanya. Keynan alilitazama tone lile mpaka likadondoka nalo.

Si Bare. Ni yeye. Aliingia silanga lile na tairi lake, akawasaga viluwiluwi kwa mamia, akamwaga oili yake juu yao, kisha akainama kutazama na kushangaa kwa nini wamelala. Baba yake hakuwa anapumzisha magoti. Mzee alikuwa anajua, au hakujua sababu lakini alijua adabu yake: kwanza utazame, ndipo uingie. Yeye aliingia kwanza.

Pale shimoni mtandao haushiki. Akapiga pikipiki teke, ikawaka, akarudi alikotoka akiiendesha namna ambayo angempigia kelele kijana yeyote wa bodaboda. Alipofika mahali pa juu simu ikatetemeka mfukoni. Akasimama.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa Abdiwali. "Tumekusikia. Tumegeuza, tunaelekea mpakani. Mungu akulipe, umetuokoa."

Wa pili ulikuwa wa Weris. Sauti ya dada yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira angeivumilia. "Walaal, ndugu yangu, umepita hapa na hukunisalimia. Sauti yako imezunguka kwa ndugu wote, na sisi imetufikia kama wengine. Bare ameisikia. Ameisikiliza mara mbili, akachukua jembe akatoka."

Keynan aliganda barabarani. Jembe? Alimjua Bare miaka yote hiyo, lakini mtu aliyepakwa matope mbele ya ukoo mzima anaweza kuwa mtu mwingine. Akaona kichwani damu, akaona watoto wa dada yake bila baba, akaona jina lake katikati ya yote. Alimpigia Weris, simu haikupokewa. Akampigia Bare, simu ikaita mpaka ikakata. Safari iliyobaki aliimaliza akisoma kila aya aliyoijua.

Alisikia kabla hajaona. Ilikuwa sauti ya maji yanayokwenda, sauti ambayo katika nchi ile humfanya mtu amshukuru Mungu. Ilitoka ndani ya laga, upande wa chini wa tuta. Keynan akaiacha pikipiki mbali na kukimbia kwa miguu.

Tuta lilikuwa limekatwa katikati. Kwanza lazima ulikuwa mtaro mwembamba wa jembe, halafu maji yakajisaidia yenyewe, yakala udongo, yakapanua mlango. Sasa yalikuwa yanamalizikia kupita, membamba, yanazama kwenye mchanga wa laga ambao haukuonyesha hata shukrani. Silanga lilikuwa limebaki tope. Katika tope hilo viluwiluwi walikuwa wanarukaruka na kupigapiga mikia, wengi kuliko alivyowahi kuona wakicheza, na ndege wawili aina ya korongo walikuwa wameshatua na kuanza kuwala.

Bare alikuwa amesimama kwenye mlango wa maji, tope hadi mapajani, jembe begani. Weris alikuwa juu ya tuta na mtungi mtupu.

"Seddi, umerudi," Bare alisema, akimwita kama mashemeji wa kwao wanavyoitana. Hakukuwa na chuki katika uso wake. "Nimeyamwaga. Nimeogopa watu wengine wasije wakanywesha kabla habari haijawafikia."

Keynan akasogea hadi ukingoni mwa tope.

"Nakuapia, pampu niliiosha kule chini, ndani ya laga, mbali na silanga," Bare aliendelea. "Niliitundika hapa ili watoto wasiifikie nyumbani. Lakini wewe ndiye sahan. Ukisema maji yamekufa, yamekufa. Nikasema labda ilidondoka tone nilipokuwa napita. Labda upepo. Sijui. Mungu anajua sikukusudia."

"Nilimwambia asubiri," Weris akasema. Alikuwa anamtazama kaka yake machoni. "Nilimwambia niyanywe mimi kwanza, tuone. Akanikatalia. Akasema Keynan hajawahi kukosea."

Bare aliweka jembe chini, akajifuta mikono kwenye kikoi chake na kutoa simu mfuko wa shati. "Nilitaka kuwaomba msamaha ndugu. Nitatoa ngamia nitakayeambiwa, kwa mbuzi watakaokufa njiani. Lakini mimi si mtu wa maneno, seddi. Wewe unajua kuzungumza. Niambie nianzeje."

Akamnyooshea simu.

Sasa tuseme ukweli: hakuna aliyemshurutisha Keynan. Maji yalikuwa yameshakwenda, na neno la kweli halingeyarudisha. Ushahidi wote ulikuwa umezama mchangani. Ukoo ungemshukuru sahan wao, ungemsamehe Bare kwa sababu amekiri kabla ya kuulizwa, na mwaka ungepita. Kilichotakiwa ni Keynan kumpa shemeji yake maneno mawili matatu mazuri ya kuombea msamaha. Aliliona hilo lote, palepale, na aibu ya kuliona ikamchoma kuliko jua.

Hakuichukua simu ya Bare. Akatoa yake, akapanda juu ya kipande cha tuta kilichobaki, akabonyeza.

"Abdiwali. Na ndugu wote mnaonisikia. Huyu ni Keynan. Bare hana kosa. Hakuosha pampu ndani ya silanga. Mimi niliingia majini na pikipiki, nikawaponda viluwiluwi, na waliobaki walipoipata harufu ya wenzao wakalala chini kwa hofu. Mimi nilidhani wamekufa. Oili ilikuwa yangu. Maji yalikuwa mazima. Nimemsingizia mume wa dada yangu, na nimewageuza ninyi njia kwa ujinga wangu." Alitaka kuendelea, kulikuwa na jambo lililobaki na ndilo zito kuliko yote, lakini macho yake yakatua kwenye tuta lililokatwa. Kidole kikaachia, ujumbe ukaenda.

Bare alikuwa bado ameshika simu yake mkononi. Alimtazama Keynan, akalitazama tuta alilolijenga msimu baada ya msimu, akalitazama tope. Aliketi chini pale pale, kwenye maji kidogo yaliyobaki. Weris alishuka akakaa karibu naye, akaweka mtungi kando.

"Yalikuwa mazima," Bare alisema. Hakuwa anamuuliza mtu.

Simu ya Keynan ikatetemeka. Abdiwali hakuwa amechelewa kujibu. Nyuma ya sauti yake zilisikika kengele za ngamia, vilio vya mbuzi, mwanamke akimwita mtoto. Alikuwa anacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillah. Tutakusema baadaye, kwanza tunywe. Hatujafika mbali. Mwambie Bare atusamehe, na atutayarishie chai. Tumegeuza, tunakuja."

Keynan alishuka kwenye tuta na kusimama ukingoni. Chini ya miguu yake, ndani ya alama ya tairi lake la asubuhi, kulikuwa kumebaki maji kidogo, na ndani yake viluwiluwi wachache wamelala chini bila kutikisika. Aliwatazama, kisha akainua simu mdomoni.

"Msije," alisema.